Saruji ya Tororo na Boriti ya Pwani: Historia Fupi ya Kupima Vifaa vya Ujenzi

Msafiri atokaye Kisumu kwenda Kampala hupita Busia, mji uliokatwa na mpaka ukawa miji miwili, Busia ya Kenya na Busia ya Uganda. Akiiacha barabara kuu akaelekea kaskazini kwa safari fupi hufika Tororo, na kabla hajaingia mjini huuona mwamba mkubwa uliosimama peke yake katika nchi tambarare. Katika miji hii hapana mtu asiyeijua saruji. Huvushwa kwa malori na kwa mikokoteni. Huvushwa pia kwa baiskeli, ndugu wa zile zilizoanza kuwachukua abiria kutoka mpaka hadi mpaka zikazaa jina la bodaboda, ambalo leo limeenea Afrika Mashariki nzima. Mwenye nacho huinunua kwa mifuko mia, na mwenye kuziba ufa wa sakafu yake huipima kwa kopo.

Lakini tukimwuliza mnunuzi saruji ni nini, aghalabu atajibu kwamba ni unga wa kiwandani, kitu kilichokuja na Wazungu kuuondoa udongo wa babu zetu. Jibu hili lina ukweli nusu. Katika makala haya twakusudia kuonyesha nusu ya pili: kwamba saruji, tangu jina lake lilipoanza kutamkwa, ni mchanganyiko ambao kila nchi imeutunga kwa mawe, udongo na majivu yake yenyewe, na kwamba kilichoufanya mchanganyiko huo uaminiwe si mahali ulikotoka, bali kipimo ulichokishinda. Historia ya Tororo ni ushahidi mzuri wa jambo hili. Nasi walimu wa Kiswahili tunahusika nalo, maana kipimo kisichosemwa kwa lugha ya fundi hakimlindi mtu yeyote aliyelala chini ya dari.

Jina ni la zamani kuliko kiwanda

Kiswahili kina majina matatu ya kitu hiki. La kwanza ni simenti, lililotoka katika Kiingereza. La pili ni udongo ulaya, jina ambalo kwa kweli ni maelezo: watu waliuona unga huo ukishushwa melini, wakaufananisha na udongo walioujua, wakautajia kwao. La tatu ni saruji, nalo ndilo lenye historia ndefu kuliko yote.

Neno saruji lina asili ya Kiajemi. Huko Uajemi na Uarabuni lilikuwa jina la lipu ngumu isiyopenyeza maji, iliyotumika karne nyingi kabla ya mwashi wa Leeds, Joseph Aspdin, kupata hataza ya saruji aliyoiita ya Portland mwaka 1824. Mafundi wa Oman waliitengeneza kwa kuchoma udongo, kuuponda ukawa unga, na kuuchanganya na chokaa. Kwa saruji hiyo walisakafu mifereji ya maji iitwayo falaji, wakajenga mabirika na ngome ambazo nyingine zimesimama hadi leo.

Siri yake ni hii. Udongo ukichomwa kwa moto wa kiasi hupoteza maji yaliyofungamana na chembe zake, na silika na alumina zilizomo huwa tayari kushikamana na chokaa panapokuwa na maji. Warumi wa kale waliipata siri hiyo hiyo kwa njia nyingine. Wao hawakuchoma udongo, maana volkano ilikuwa imekwisha wachomea. Walichimba majivu yake karibu na Pozzuoli, jirani na Napoli, wakayachanganya na chokaa. Kutokana na jina la mahali hapo, wataalamu huviita vitu vya namna hii pozolana, viwe vimechomwa na mlima au na mwanadamu.

Kwa hiyo, mwalimu anapoandika neno saruji ubaoni, anaandika jina la kifaa mbadala kilichotangulia kile tunachokiona leo kuwa ndicho cha asili. Jambo hili tulikumbuke, kwa sababu mwishoni tutalirudia.

Boriti na upana wa chumba

Jengo halisimami kwa saruji peke yake. Lazima pawe na kitu cha kukatiza nafasi iliyo wazi kati ya ukuta na ukuta. Kiswahili ni tajiri hapa: twasema boriti, mhimili, mwamba na kombamoyo, na mafundi wa zamani wana neno zuri la mtambaapanya, yaani mti ulalao juu ya ukuta, ambapo panya hupata njia ya kutambaa.

Katika nyumba za mawe za Lamu, Mombasa na Unguja, boriti zilikuwa miti ya mikoko. Juu yake yalipangwa mawe ya matumbawe, na juu ya mawe ikamwagwa chokaa na kokoto, ikapondwa mpaka ikashikamana. Mti wa mkoko wenye unene wa kufaa hauwezi kukatiza nafasi kubwa chini ya sakafu nzito ya namna hiyo. Ndiyo maana vyumba vya nyumba hizo vilikuwa virefu lakini vyembamba, upana wake aghalabu kati ya mita 2.5 na 3. Wageni waliovistaajabia vyumba hivyo walidhani ni mapenzi ya watu tu, kumbe ni jibu la swali ambalo mafundi walikuwa wameuliza kwa vizazi vingi: mti huu utabeba uzito huu kwa urefu gani kabla haujapinda? Hicho nacho ni kipimo, ijapokuwa hakikuandikwa.

Huku bara, katika nchi ya Busia, watu walijenga kwa nguzo, fito, udongo na nyasi. Waliutia udongo samadi ya ng'ombe, ambayo nyuzi zake ndogo huuzuia usipasuke unapokauka. Wala chuma hakikuwa kigeni: Abasamia walikuwa wahunzi mashuhuri tangu zamani, wakiyeyusha chuma cha vilima vyao na kufua majembe na mikuki iliyouzwa mbali. Kitu kigeni kilikuwa kukizika chuma ndani ya jiwe la kutengenezwa.

Sababu ya kukizika inaeleweka hata na mtoto wa shule. Mpe mwanafunzi kifutio, mwambie akikunje polepole. Upande wa juu utajibana, na upande wa chini utanyooka kana kwamba unataka kuchanika. Boriti iliyobebeshwa mzigo hufanya vivyo hivyo. Zege ni hodari wa kubanwa, lakini ni dhaifu wa kuvutwa. Nguvu yake ya kuvutwa ni takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu yake ya kubanwa. Chuma hustahimili kuvutwa. Basi nondo zikilazwa upande wa chini, kila kimoja hufanya kazi kinachoiweza. Mfaransa Joseph Monier alipata hataza ya vyombo vya bustani vya saruji na waya mwaka 1867, na François Hennebique akapata yake ya boriti za zege lenye chuma mwaka 1892.

Pwani yetu haikusubiri sana. Beit al-Ajaib, iliyojengwa na Seyyid Barghash huko Unguja mwaka 1883, iliunganisha kuta za mawe na chokaa za kienyeji na nguzo za chuma kutoka ng'ambo, nayo ikawa jengo refu kuliko yote katika nchi hizi. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jengo hilo iliporomoka wakati likitengenezwa, na watu wakafa. Hatudai kujua sababu zote. Itoshe kusema kwamba vifaa vilivyounganishwa huzeeka kila kimoja kwa namna yake, na palipo na kiungo ndipo jicho la mpimaji lipasapo kurudi mara kwa mara.

Jiwe lililozaliwa na moto

Sasa turudi Tororo. Reli ya Uganda ilipopitishwa Eldoret na Tororo katika miaka ya 1920, iliunganishwa na njia ya Busoga mwaka 1928 na kufika Kampala mwaka 1931. Kwa njia hiyo saruji ilipanda kutoka bandari ya Mombasa, safari ya zaidi ya kilomita 1,000 kabla haijafika mpakani. Mfuko uliofika Uganda ulikuwa umekwisha bebeshwa nauli ya meli na nauli ya gari moshi. Palipotakiwa kujengwa bwawa la umeme la Owen Falls huko Jinja, lililofunguliwa na Malkia Elizabeth wa Pili tarehe 29 Aprili 1954, haja ya saruji ilikuwa kubwa kupita ilivyopata kuwa. Shirika la Maendeleo la Uganda lilianzishwa mwaka 1952, na kiwanda cha saruji cha Tororo kikawa miongoni mwa kazi zake za mwanzo.

Kiwanda kiliwekwa Tororo kwa sababu ya jiwe. Lakini jiwe lenyewe lilikuwa na kasoro yake.

Saruji ya Portland hupatikana kwa kuchoma mawe ya chokaa pamoja na udongo katika joto la nyuzi 1,450 hivi, na kuyasaga mabonge yatokeayo, yaitwayo klinka. Mahali pengi duniani mawe hayo ya chokaa ni mabaki ya viumbe vya baharini. Kiwanda cha Bamburi karibu na Mombasa, kilichoanza kazi mwaka 1954, kilichimba matumbawe ya kale, jamaa wa mawe yale yale ya nyumba za Waswahili. Tororo iko mbali na bahari. Mwamba wake na vilima vya Sukulu vilivyo jirani ni mabaki ya volkano za zamani sana, na chokaa yake ilipanda kutoka tumboni mwa ardhi ikiwa ya moto. Kwa muda mrefu wataalamu wa mawe walibishana kama jambo hilo linawezekana. Ubishi ulipungua nguvu mwaka 1960, pale J. B. Dawson alipochunguza Oldoinyo Lengai huko Tanzania, akaona mlima unatapika lava ya namna hiyo hiyo.

Jiwe la moto huja na wenzake. Ndani ya mawe ya Tororo na Sukulu mna madini yaitwayo apatiti, yaani fosfati. K. A. Davies wa Idara ya Jiolojia ya Uganda aliandika habari za fosfati hiyo mwaka 1947. Kwa mkulima fosfati ni neema, kwa kuwa ni mbolea. Na katika miaka ya 1960 na 1970 Tororo ilikuwa na kiwanda cha mbolea kilichoitumia. Kwa mtengeneza saruji ni mgeni msumbufu. Klinka ina kiini kimoja kinachoipa saruji nguvu ya siku za mwanzo, na fosfati hukizuia kiini hicho kisijengeke.

Je, jiwe hilo litupwe? Hapa ndipo palipo na fundisho. Mwaka 1952 R. W. Nurse, mtafiti wa Kituo cha Utafiti wa Majengo cha Uingereza, alichapisha uchunguzi juu ya athari ya fosfati katika kuganda kwa saruji. Ilionekana kwamba kila asilimia 1 ya oksidi ya fosforasi hupunguza kiini kile kwa asilimia 10 hivi. Lakini kiasi cha fosfati kikidhibitiwa, na uwiano wa chokaa ukirekebishwa, saruji iliyo njema yaweza kupatikana, ijapokuwa huchelewa kupata nguvu zake. Jawabu basi halikuwa ndiyo wala siyo. Lilikuwa ndiyo kwa masharti. Jiwe lichaguliwe, lichanganywe kwa hesabu, lipimwe kila siku. Baadaye Tororo ilipata jiwe lingine pia, marumaru ya Moroto katika Karamoja, ambayo huletwa kwa malori kutoka kaskazini. Hata hivyo kanuni haikubadilika: usilikatae jiwe kwa kuwa ni la ajabu, wala usilikubali kwa kuwa ni la nyumbani.

Miaka ya magendo

Mambo yaliyofuata watu wazima wa Busia huyakumbuka bila kusoma kitabu. Mwaka 1972 serikali ya Idi Amin iliwafukuza Waasia. Vipuri na mafundi wakaadimika viwandani. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilivunjika, na shirika la reli la pamoja likagawanyika. Utoaji wa saruji Uganda ulishuka sana. Mji uliopakana na kiwanda cha saruji ukawa unangojea saruji ya kuvushwa usiku kutoka upande wa pili. Kahawa ilitoka, na sabuni, chumvi, sukari na saruji vikaingia. Neno la Kiswahili magendo likawa neno la kila siku Uganda, hata kwa wasiojua Kiswahili kingine.

Saruji ikiwa adimu, mkono wa fundi hujifunza ubahili. Ndoo moja ya saruji iliyopaswa kukutana na ndoo sita za mchanga hukutanishwa na kumi, kisha na kumi na mbili. Ukuta husimama na lipu hung'aa. Lakini wahenga walikwisha sema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.

Katika miaka hiyo hiyo ndipo swali la vifaa mbadala liliposikika kwa sauti kubwa Afrika Mashariki. Mwaka 1977, alipolitazama Azimio la Arusha baada ya miaka kumi, Mwalimu Julius Nyerere aliwalaumu watu waliokuwa wakingoja saruji na mabati ilhali matofali ya kuchoma na vigae vingeweza kuwapa nyumba bora. Tanzania ilikuwa na kitengo chake cha utafiti wa ujenzi tangu mwaka 1971, na Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa na chake. Mojawapo ya mambo yaliyojaribiwa lilikuwa kuezeka kwa vigae na mabamba ya saruji iliyotiwa nyuzi za katani, zao ambalo nchi hizi zilikuwa nalo kwa wingi.

Mabamba hayo yalipopimwa yakiwa mapya yalifaulu. Yalistahimili kupindwa, na yalipopasuka nyuzi ziliyashikilia yasianguke. Baada ya miaka michache juani na mvuani mengine yakawa makavu kama biskuti. Uchunguzi wa miaka ya 1980 ulieleza sababu: ukali wa chokaa iliyomo ndani ya saruji huila katani polepole. Kumbe kipimo cha mwezi mmoja kilikuwa kimejibu swali moja tu. Swali la pili, yaani kifaa kitakuwaje baada ya miaka, lilihitaji subira. Na dawa iliyopendekezwa ilikuwa kuupunguza ukali huo kwa kutia pozolana katika saruji. Tukarudi tena kwa Waomani na Warumi.

Makapi, majivu na udongo

Je, nchi ya Busia na Tororo ina pozolana gani? Tukitazama mashambani tutaiona. Skimu ya mpunga ya Bunyala, upande wa Kenya, ilianza mwishoni mwa miaka ya 1960. Upande wa Uganda ipo Doho, jirani na Tororo. Katika kila magunia matano ya mpunga, uzito wa takriban gunia moja ni makapi, ambayo aghalabu huachwa kiwandani yakawa vilima. Makapi yakichomwa, sehemu moja ya tano hivi ya uzito wake hubaki kuwa majivu, na majivu hayo huwa na silika ya asilimia 85 na zaidi.

Lakini si kila majivu ni pozolana. Yakichomwa kwa joto lisilozidi nyuzi 700 hivi, silika hubaki legevu na tayari kushikamana na chokaa. Moto ukizidi na kudumu, silika huganda ikawa fuwele, ikakataa kushikamana na kitu. Kwa macho majivu hayo mawili yanakaribiana, na katika boriti yana tofauti kubwa. Majaribio yaliyofanywa katika nchi nyingi yameonyesha kwamba majivu mema, yaliyosagwa laini, yaweza kuchukua nafasi ya asilimia 10 hadi 20 ya saruji bila kuliharibu zege. Yana masharti yake: hunywa maji mengi, na zege lake mara nyingi huwa nyonge siku ya saba na kujikomboa baadaye. Kwa hiyo mwenye kulipima siku ya saba pekee atalidhulumu, na mwenye kuliondolea mbao za kushikilia siku ya saba atajiua.

Udongo nao haujastaafu. Huko Kamonkoli, karibu na Mbale, hutengenezwa matofali yenye matundu ya udongo wa kuchoma yaitwayo maxpan. Hupangwa kwa safu juu ya mbao, na katika njia zilizoachwa kati ya safu na safu hulazwa nondo na kumwagwa zege. Zege likikomaa, panapatikana sakafu ya boriti nyembamba zilizoungana na bamba la juu, na vyungu katikati vimechukua nafasi ambayo ingejazwa zege zito lisilo na kazi. Mtu wa Lamu angeitambua sakafu hiyo mara moja: boriti, kijazio kati yake, na tabaka la kuvifunga pamoja. Tofauti ni kwamba mti wa mkoko na chokaa ya juu vilisaidiana kidogo tu, ilhali hapa boriti na bamba hupinda pamoja kama kitu kimoja, na kwa hiyo chumba chaweza kuwa kipana zaidi.

Hata mfuko wa saruji wa kawaida umebadilika ndani. Mwenye kusoma maandishi yake ataona herufi CEM na tarakimu ya Kirumi. CEM I ni klinka karibu tupu. CEM IV ni saruji ya pozolana, ambayo kwa kanuni zinazotumika Afrika Mashariki yaweza kuwa na pozolana hadi asilimia 55. Basi yule mnunuzi wa Busia anayedhani amenunua kitu cha Wazungu, huenda nusu ya mfuko wake ni majivu ya volkano za kwetu. Na wataalamu wa dunia, wakihofia kwamba saruji hutoa asilimia 7 au 8 ya hewa ya ukaa inayotolewa na wanadamu, sasa wanasifu mchanganyiko mpya wenye klinka nusu tu, na sehemu kubwa ya nusu nyingine ikiwa udongo uliochomwa kwa nyuzi 700 hadi 850. Mchanganyiko huo unatangazwa kuwa ni uvumbuzi. Na kweli ni uvumbuzi, kwa hesabu na mizani yake. Ila Kiswahili kimekuwa na jina lake siku zote: saruji.

Kipimo na lugha yake

Niruhusiwe kusimulia jambo moja. Katika shule moja ya upande wetu wa mpaka, kizingiti cha zege juu ya mlango wa darasa kilipasuka kwa chini kabla mwaka haujakwisha. Mzee fundi aliyeitwa kukivunja alinionyesha nondo zilipolala, zote upande wa juu. "Mwalimu," akaniambia, "aliyejenga hapa si mwizi. Chuma alikiweka chote. Hakuambiwa tu mahali." Kisha akaniuliza mimi, kwa kuwa ni mtu wa vitabu, zile namba za mfukoni zina maana gani. Yeye alikuwa akizidhania kuwa alama za kiwanda.

Namba hizo ni 32.5 na 42.5. Maana yake ni kwamba saruji hiyo, ikichanganywa na mchanga maalumu na kukomazwa siku 28, haina budi kustahimili angalau niutoni 32.5 au 42.5 kwa kila milimita mraba kabla haijapondeka. Ya kwanza yafaa kwa lipu na kuta. Ya pili hupendelewa kwa nguzo na boriti za ghorofa. Mzee yule alikuwa amejenga miaka mingi bila mtu kumwambia hayo kwa lugha aliyoijua.

Vipimo vya msingi havina uchawi. Cha kwanza ni cha kulijua zege lililo bichi: hujazwa katika pia ya bati yenye kimo cha milimita 300, pia ikainuliwa, ikatazamwa zege limeshuka kiasi gani, likiporomoka lote, maji yamezidi. Cha pili ni cha mchemraba: zege lile lile humiminwa katika visanduku vya milimita 150 kila upande, huwekwa majini, na hubanwa kwa mashine siku ya 7 na ya 28 mpaka lipasuke. Cha tatu ni cha boriti: huegemezwa ncha mbili, hubebeshwa mzigo kidogo kidogo, na kila hatua hupimwa imepinda milimita ngapi. Boriti njema haivunjiki ghafla. Hupinda kwanza, ikaonyesha nyufa nyembamba, ikawapa watu nafasi ya kukimbia.

Nafasi hiyo ndiyo waliyoikosa watu wa Huruma, Nairobi, usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, ghorofa ilipowaangukia katika mvua na kuua wapatao 50. Hapo hapakukosekana elimu nchini. Ilikuwapo vyuoni na katika kanuni zilizochapwa. Pengo lilikuwa kati ya karatasi na karai.

Sehemu ya pengo hilo ni la lugha. Mpakani Busia, kundi moja la mafundi laweza kuwa na Msamia, Mteso, Mjopadhola na Mluhya wa Bukhayo, na lugha inayowaunganisha juu ya jukwaa la ujenzi ni Kiswahili, ikiwa pengine ni Kiswahili cha njiani. Wana timazi, mwiko, kokoto, nondo na pima maji. Hawana neno walilokubaliana la nguvu ya kuvutwa wala la kubanwa. Na asiye na neno ni vigumu kuuliza swali. Tangu Februari 2018 kituo cha pamoja cha mpakani kimerahisisha kuvuka Busia, na mwezi Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kifundishwe shuleni. Bidhaa zinavuka. Maelezo ya bidhaa nayo yavuke.

Kwa hiyo ningewashauri walimu wenzangu jambo dogo. Tunapofundisha msamiati wa nyumba, tusiishie mlango na dirisha. Tufundishe boriti na sababu ya upana wa chumba cha Lamu. Tufundishe saruji na udongo uliochomwa Oman. Tuwaalike mafundi wazee darasani, tuyaandike maneno yao kabla hayajapotea, na tuwarudishie maana ya namba za mfukoni. Mwanafunzi akikunja kifutio chake mara moja akaona upande upi unachanika, hatasahau nondo ilale wapi. Na huenda siku moja atakuwa yeye ndiye ashikaye mwiko, juu ya mlango wa darasa, na watoto wa watu watapita chini yake.